Uhuru Park na Swali la Nani Anayeitisha Mkutano

Mwai Kibaki aliapishwa kuwa Rais wa Kenya mara mbili, na tofauti kati ya siku hizo mbili inaeleza mengi kuhusu Uhuru Park, bustani ya umma ya katikati ya jiji la Nairobi, kuliko kibao chochote kilichowahi kubandikwa humo. Tarehe 30 Desemba 2002 alikula kiapo mchana peupe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya majeraha ya ajali ya barabarani, mbele ya umati ulioifunika bustani yote hadi wengine wakapanda miti ili waone. Rais aliyekuwa akiondoka, Daniel arap Moi, alizomewa na kurushiwa matope. Tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili baadaye, kiapo kililiwa katika uwanja wa Ikulu jua likizama, muda mfupi tu baada ya matokeo kutangazwa, mbele ya wageni wachache. Siku chache zilizofuata, upinzani ulipoitisha mkutano Uhuru Park, askari wa GSU, kikosi maalumu cha polisi, waliizunguka bustani ile wakiwa wamesimama bega kwa bega, wakiwazuia wananchi wasikanyage nyasi ambazo juu yake serikali hiyohiyo ilizaliwa.

Historia ya uwanja wa katikati ya mji mara nyingi huandikwa kwa kufuata sanamu na majina: nani aliusimamishia mnara, nani aliuondoa, barabara ya pembeni iliitwaje zamani na inaitwaje sasa. Hayo yana nafasi yake, lakini hayatoshi. Jina la Uhuru Park halijabadilika tangu siku ilipofunguliwa, ilhali mahali penyewe pamebadilika mara nyingi, tena kwa kina. Kilichokuwa kikibadilika ni jibu la swali moja: nani ana uwezo wa kuwaita watu pale, na nani anaweza kukaa pale bila kuitwa na mtu yeyote. Nitaifuata bustani hii kwa swali hilo, kwa maana naamini ndilo linaloonyesha hatari inayoikabili leo.

Inafaa kukumbuka kwanza kwamba Nairobi ya wakoloni haikuwa na uwanja wa raia. Ilikuwa na stesheni, soko, ofisi na barabara pana. Sanamu zake zilisimama katikati ya magari: ile ya Lord Delamere kwenye barabara iliyobeba jina lake, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na ile ya askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ambayo bado ipo kwenye barabara hiyohiyo. Bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906 pamoja na sanamu ya Malkia Victoria, ilikuwa mahali pa kupumzikia, si mahali pa kutolea madai. Mwafrika aliyetembea mjini alitakiwa kuwa na kipande, yaani hati ya utambulisho, na mikutano yake ilisukumwa upande wa mashariki, Pumwani, Kaloleni na Kamukunji.

Kwa hiyo Harry Thuku, mwanasiasa aliyewapinga wakoloni, alipokamatwa Machi 1922, umati uliotaka aachiliwe haukuwa na uwanja wa kwenda. Ulikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha polisi alikozuiliwa. Wazee walipotoka kuzungumza na serikali na kurudi wakiwaomba watu waende nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, kitendo cha laana, na kuwaambia wanaume wampe suruali zao, naye awape gauni lake. Risasi zikafyatuliwa. Takwimu rasmi zilisema waliokufa ni 21, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Tukio hilo la tarehe 16 Machi ni la kisiasa kwanza, lakini lina upande wa jiografia usiozungumziwa sana: katika mji usio na mahali pa raia kukutania, raia hukutana mbele ya mtutu wa bunduki, kwa kuwa mlango wa mamlaka ndio mahali pekee panapojulikana na wote.

Jomo Kenyatta aliifungua Uhuru Park tarehe 23 Mei 1969. Ni ardhi ya karibu hekta 13 kati ya katikati ya jiji na eneo la Hill, ikipakana na Uhuru Highway, Kenyatta Avenue na Haile Selassie Avenue, ikiwa na ziwa dogo la kuchimbwa, mashua za kukodi, miteremko ya nyasi na jukwaa la wageni wa heshima. Mwaka wenyewe unastahili kutazamwa. Wiki sita baada ya ufunguzi, waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi. Mwishoni mwa Oktoba, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais, chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, ingawa sheria ilikuwa bado haijasema hivyo. Bustani yenye jina la uhuru ilifunguliwa katika mwaka uleule ambao nafasi ya kupinga ilifungwa.

Sidhani kwamba kulikuwa na unafiki wa makusudi katika jambo hilo. Bustani ilijengwa ikiwa na jukwaa, na jukwaa lina mantiki yake: kuna anayesema na kuna anayesikiliza, na anayesema ndiye aliyewaalika wengine. Katika muongo wa kwanza na wa pili, umati ulikwenda pale kwa mwaliko, kutazama na kupiga makofi. Hata misa kubwa ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Agosti 1985, iliyofunga Kongamano la Ekaristi, ilikuwa ya namna hiyo, ingawa mwalikaji alikuwa Kanisa. Sheria nayo ilikuwa wazi. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, aliyetaka kufanya mkutano wa hadhara alihitaji leseni kutoka kwa Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu wa Rais.

Hata hivyo, katika siku zisizo na sherehe, bustani ilikuwa ikifanya kazi nyingine bila kuandikwa popote. Makarani waliokosa nauli ya kwenda kula nyumbani walijilaza kwenye nyasi saa ya mchana, kofia au gazeti usoni. Wahubiri walikuja na Biblia na sauti zao. Familia kutoka mitaa isiyokuwa na hata mti mmoja zilikuja Jumapili kuwapandisha watoto mashua, na wapiga picha waliwazungukia wageni kutoka mashambani wakiwapanga vizuri ili majengo marefu ya jiji yaonekane nyuma yao. Hapakuwa na siasa ndani ya hayo, na hiyo ndiyo sababu yalikuwa na nguvu. Watu walipazoea mahali kwa miguu yao, wiki baada ya wiki, bila kuomba ruhusa. Mazoea hayo yalikuja kuwa hoja ambayo serikali haikujua namna ya kuijibu.

Hoja yenyewe ilitolewa mwaka 1989. Shirika la Kenya Times Media Trust, la chama tawala cha KANU kwa ubia na Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, lilipanga kujenga ndani ya bustani jumba la ghorofa 60, lenye makao ya chama, kumbi, maduka na maegesho, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Gharama ilitajwa kuwa kiasi cha dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopwa. Mwanamazingira Wangari Maathai aliandika barua: kwa ofisi ya Rais, kwa tume ya jiji, kwa mashirika ya kimataifa, kwa balozi wa Uingereza. Katika barua hizo hakudai vyama vingi wala kuomba uchaguzi. Aliuliza familia za kipato kidogo zitapumua wapi, na kama London wangekubali jumba kama hilo lijengwe katikati ya Hyde Park.

Majibu yaliyotolewa yanaonyesha jinsi swali hilo lilivyowakera wakubwa. Bungeni, wabunge waliliita shirika lake la Green Belt kundi la wanawake waliotalikiwa. Moi mwenyewe, katika hotuba ya Jamhuri, alisema wanaopinga jumba wana wadudu kichwani, na kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye adabu huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt wakafukuzwa katika ofisi za serikali walizokuwa wakizitumia. Lakini wakopeshaji walijitoa, mradi ukapunguzwa, kisha ukafa, na mapema mwaka 1992 uzio uliokuwa umezunguka eneo la ujenzi uliondolewa.

Wengi huueleza ushindi huo kuwa ushindi wa mazingira dhidi ya saruji, na bila shaka ulikuwa hivyo. Mimi nauona pia kuwa mara ya kwanza raia wa Nairobi kuzuia uamuzi wa Rais kuhusu mahali, na uliwezekana kwa sababu madai yalihusu nyasi. Mtu aliyesema mwaka 1989 kwamba KANU imezeeka angeweza kuishia katika vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo lililo ng'ambo ya barabara kutoka bustanini, ambako wafungwa wa kisiasa waliteswa katika miaka hiyo. Mtu aliyesema kwamba watoto wanahitaji mahali pa kucheza angetukanwa, angefukuzwa ofisini, lakini ilikuwa vigumu kumpachika uhaini. Serikali ilikuwa na sheria za kuzuia mikutano. Haikuwa na sheria ya kuzuia watu kupumzika.

Wakati huohuo mji ulikuwa na uwanja mwingine ambapo siasa ilisemwa waziwazi. Kamukunji, upande wa mashariki, ndiko wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikotaka kufanyia mkutano wa tarehe 7 Julai 1990. Waliwekwa kizuizini siku chache kabla, lakini watu walikwenda hivyohivyo, na Saba Saba ikapata damu na jina. Ndiko pia FORD, kundi la wapinzani, ilikojaribu kukutana Novemba 1991, wiki chache kabla ya kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, kufutwa. Kuanzia hapo siasa ilianza kuvuka mji kuelekea magharibi. Kutoka Kamukunji hadi Uhuru Park si mwendo mrefu, lakini ni kutoka uwanja ambao Mwafrika aliachiwa na mkoloni hadi uwanja ulio mbele ya ofisi za serikali.

Waliovuka kwanza walikuwa akina mama wazee. Tarehe 28 Februari 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mamake mwanasiasa Koigi wa Wamwere, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waachiliwe. Walipoambiwa warudi nyumbani wakasubiri, walikwenda na mablanketi yao hadi pembe moja ya Uhuru Park, pamoja na Maathai, na kuanza mgomo wa kula. Hawakuwa na leseni ya mkutano kwa sababu hawakuwa wakifanya mkutano, walikuwa wameketi. Waliokuja kuwatazama wakabaki kusikiliza, waliobaki kusikiliza wakaanza kusimulia waliyotendwa wao wenyewe, na kwa siku kadhaa watu walisimama hadharani wakaeleza mateso ambayo walikuwa hawajayataja hata majumbani mwao.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Askari waliokuwa na umri wa kuwa wana wao waligeuza nyuso. Maathai alipigwa hadi akazimia na kupelekwa hospitalini. Mtu akilinganisha siku hiyo na ile ya Nyanjiru mwaka 1922 ataona kwamba miaka 70 ilikuwa imepita, umbali kati ya mahali pawili ni mfupi, na laana iliyotumika ni ileile. Kilichokuwa tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mahali pa kurudi. Akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints, lililo hatua chache kutoka bustanini, wakakaa humo takriban mwaka mzima, hadi karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walipoachiliwa mwaka 1993. Pembe ile ikapewa jina la Freedom Corner na watu wenyewe. Ndilo eneo pekee la bustani ambalo serikali haikulibatiza.

Ukaribu wa kanisa na bustani uligeuka kuwa jambo la kudumu katika siasa za Nairobi. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliutawanya mkutano wa kudai mageuzi ya katiba Uhuru Park, wakawafuata waliokimbilia All Saints hadi ndani, na kuwapiga kati ya viti vya ibada. Mchungaji Timothy Njoya alikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Picha za tukio hilo ziliidhuru serikali kuliko hotuba zozote. Kabla ya mwaka kwisha, mazungumzo ya vyama bungeni yalizaa mabadiliko ambayo sasa tunayachukulia kuwa ya kawaida: leseni ya Mkuu wa Wilaya ikaondolewa, na badala yake mwenye kuitisha mkutano akatakiwa kutoa taarifa tu kwa polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mtu akitaka kujua lini hasa Uhuru Park ilibadilika kisheria, ni hapo. Kabla ya 1997 raia aliomba. Baada ya hapo, angalau kwenye karatasi, aliarifu.

Matunda ya mabadiliko hayo yalionekana Oktoba 2002, Raila Odinga aliposimama kwenye jukwaa la Uhuru Park mbele ya umati mkubwa na kutamka maneno mawili, "Kibaki Tosha", yaliyoumaliza mjadala wa mgombea wa upinzani. Jukwaa lililojengwa kwa ajili ya Rais lilikuwa limemtangaza anayetaka kumrithi. Wiki kumi na moja baadaye, kiapo. Ndipo tunapofika tena Januari 2008 na safu ya GSU, na sasa maana yake inaonekana vizuri zaidi. Sheria haikuwa imebadilika. Waliokuwa madarakani walikuwa wameingia kwa mlango wa bustani hiyo na walijua, kuliko Moi alivyowahi kujua, umati wa pale unaweza kufanya nini. Anayeijua nguvu ya mahali kwa uzoefu ndiye anayeiogopa zaidi.

Tarehe 27 Agosti 2010, Kibaki huyohuyo alisimama Uhuru Park akainua juu katiba mpya aliyokuwa ametoka kuitia saini. Kifungu chake cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Mwaka uliofuata, Oktoba, ibada ya kitaifa ya kumuaga Wangari Maathai ilifanyika papo hapo. Jeneza lake lilikuwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Serikali iliyomlilia ilikuwa na wanasiasa kadhaa waliokuwa bungeni au serikalini siku alipotukanwa. Sikusudii kuwabeza. Nataka tu kusema kwamba taifa lina njia ya kumheshimu mtu ambayo haililazimu kulinda alichokipigania, na mazishi ni mojawapo.

Sanamu nazo zina tabia hiyo. Septemba 2015 ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka wahanga wa mateso ya wakati wa Mau Mau, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza baada ya makubaliano ya mwaka 2013 ambayo yaliwafidia Wakenya 5,228. Mnara huo ni wa haki na ulichelewa mno. Lakini ni mnara ambao serikali yoyote ya Kenya ingeukubali bila tabu, kwa maana mkosaji anayetajwa ni mgeni aliyekwisha ondoka. Ng'ambo ya Kenyatta Avenue, katika Central Park, mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, unaoadhimisha miaka 10 ya utawala wa Moi kwa mkono ulioshika rungu, bado umesimama.

Tangu 2013 viapo vya marais vimehamia uwanja wa michezo wa Kasarani: mwaka huo, kisha 2017, kisha 2022. Sababu zinazotolewa ni za nafasi na usalama, na si za kupuuzwa. Mlipuko katika mkutano wa Uhuru Park Juni 2010 uliua watu. Hata hivyo uwanja wa michezo ni kitu kingine kabisa. Una kuta, una malango yenye nambari, una viti, na watu huingia kwa kupekuliwa na kutoka wanapoambiwa watoke. Hakuna anayepita Kasarani akielekea kazini akajikuta ndani ya sherehe. Bustani iliyo njiani haiwezi kuchagua mashahidi wake, na nadhani hapo ndipo watawala walipochoka nayo.

Kuhama huko kuliiacha bustani mikononi mwa upinzani. Tarehe 30 Januari 2018 Raila alikula kiapo pale cha kuwa "Rais wa Wananchi". Polisi hawakuzuia, umati ukaingia. Serikali ilichofanya ni kuzima matangazo ya vituo vikubwa vya televisheni, na vingine vikakaa gizani kwa siku kadhaa. Hatua hiyo haikuzingatiwa vya kutosha wakati huo kwa jinsi ilivyokuwa mpya. Mwaka 2008 uwanja ulifungwa miili isiingie. Mwaka 2018 miili iliruhusiwa, macho ya nchi yakafungwa. Serikali ilikuwa imetambua kwamba uwanja wa katikati ya jiji unaenea hadi sebuleni kwa mtu wa Lodwar au Kwale, na kwamba waya wa matangazo unaweza kufanya kazi ya safu ya askari.

Kisha likaja suala la ardhi yenyewe, kwa sura mbili. Mwaka 2019 mpango wa barabara ya juu ya Expressway ungemega sehemu ya bustani kando ya Uhuru Highway. Kelele zilipigwa, Green Belt wakiwa mstari wa mbele, na mchoro ukabadilishwa. Hapo mbinu ya 1989 ilifanya kazi tena kwa haraka zaidi, kwa sababu kila mtu alikwisha kujua kisa. Lakini mwaka 2021 bustani ilifungwa kwa ukarabati, ikazungushiwa mabati, na ikakaa hivyo muda mrefu, katika kipindi kilichojumuisha mwaka mzima wa kampeni. Aliyesimamia kazi alikuwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), shirika lililoundwa baada ya kaunti kukabidhi baadhi ya majukumu yake kwa serikali kuu Februari 2020, na lililoongozwa na jenerali wa jeshi. Katiba inasema ardhi ya umma ya namna hii inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Wakazi hao, kupitia bunge lao la kaunti, hawakuwa na usemi wa maana juu ya kufungwa kwake, wala muda wake, wala mti upi ung'olewe na njia ipi ipite wapi.

Bustani ilikuwa imechakaa, jambo hilo lisikanwe. Vyoo vilikuwa vibovu, ziwa lilikuwa chafu, na jioni wanawake walipita kwa hofu. Anayeisifu Uhuru Park ya zamani kana kwamba ilikuwa paradiso hakuwahi kuivuka saa moja usiku. Kupaka rangi, kuweka taa na kutengeneza njia ni wajibu wa serikali yoyote ya mji. Lakini ukarabati una nguvu ambayo mradi wa jumba la ghorofa 60 haukuwa nayo: hakuna anayeweza kuupinga bila kuonekana anapenda uchafu. Jumba lingeiua bustani wazi, watu wakaona. Ukarabati unaweza kuibadilisha kutoka mahali pa kuwa hadi mahali pa kutembelea, penye saa za kufungua, ada ya hili na lile, mlinzi mwenye kitabu cha maagizo, na sehemu ya nyasi isiyoruhusiwa kukaliwa, huku kila badiliko likiwa dogo na lenye sababu nzuri.

Jeevanjee ni mfano wa kulinganisha. Mwaka 1991 baraza la jiji lilitaka kuigeuza kuwa maegesho na soko. Zarina Patel, mjukuu wa aliyeitoa, aliongoza upinzani uliofaulu, akiwa na silaha ambayo Uhuru Park haina: ilikuwa zawadi kwa wakazi, kwa masharti yaliyoandikwa. Hadi leo watu wa Bunge la Mwananchi hukutana kwenye mabenchi yake wakijadili siasa kutwa nzima bila kutoa taarifa kwa kituo chochote. Sanamu ya Malkia Victoria iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka 2015, mabenchi yamebaki.

Juni 2024 vijana waliopinga Muswada wa Fedha hawakuanzia Uhuru Park. Waliitana kwa simu na kujaza barabara za katikati ya jiji, na tarehe 25 waliingia Bungeni. Waliouawa walikuwa wengi, na muswada ukaondolewa siku iliyofuata. Wapo waliosema kwamba uwanja umepitwa na wakati, kwamba mitandao ya kijamii imechukua nafasi yake. Naona kinyume. Sheria ya 1997 ilitungwa kwa kudhani kwamba kila mkutano una mwitishaji mwenye jina, anwani na sahihi, ambaye polisi wanaweza kumpelekea jibu. Vijana wale hawakuwa naye. Hawakuwa na wa kutoa notisi, na kwa hiyo hawakuwa na mahali palipokubalika pa kusimama, na mji ukarudi kwenye hali ya 1922, umati ukikutana na serikali moja kwa moja mlangoni pake. Tarehe 7 Julai, walipotaka kuwakumbuka wenzao waliouawa, walikwenda Uhuru Park. Walihitaji mahali pa kuomboleza pamoja, na simu haikutosha.

Kwa hiyo mjadala wa bustani hii usiishie kwenye maua na taa. Kaunti ya Nairobi ndiyo mshikilizi wake kikatiba, na kaunti ina bunge lenye uwezo wa kutunga sheria ndogo. Sheria hiyo ingesema mambo ya kawaida kabisa: kwamba kuingia ni bure, kwamba kukaa kwenye nyasi hakuhitaji sababu, kwamba mkusanyiko usio na mwitishaji una haki sawa na ule wenye mwitishaji, na kwamba hakuna sehemu ya Uhuru Park itakayofungwa, iwe kwa ujenzi au kwa usalama, bila tangazo langoni linalotaja sababu, tarehe ya kufunguliwa tena, na cheo cha afisa aliyeamua.